Kiganja cha Unga

Komeo la mlango wa nyuma lililia kwii. Nje bado giza. Mama akaingia akinyata, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

Akaruka. Binti yake, mkunga, alikuwa jikoni ndani ya sare ya kazi, chai mbele yake.

"Marahaba, mwanangu. Nilitoka kupunga hewa."

"Hewa ya saa kumi alfajiri?" Binti akacheka. "Mama, kama umepata mtu, sema. Ni yule mwenye duka la vitambaa?"

"Punguza sauti, utamwamsha mkwe wangu."

"Haya, geuka nione ulivyopendeza."

Mama akageuka, na kicheko kikakatika. Kiunoni mwa gauni lake jeusi kulikuwa na alama ya kiganja, nyeupe, ya unga. Vidole vinne. Kile cha tano kililiwa na mashine ya kukandia unga wa mikate, binti akiwa bado mdogo.

"Baba?"

Mama akavuta kiti, akakaa.

"Mama, ulilia mapajani mwangu mpaka ukapata talaka yako! Nikaacha kusema naye kwa ajili yako. Siku ya harusi yangu nikasindikizwa na mjomba, na baba yangu yuko hai, anaoka mikate mtaa wa tatu!"

"Najua. Kila nikitoka kwake najiona mwizi. Ninayemwibia ni wewe."

"Sasa kwa nini?"

Mama akakunja pembe ya kitambaa cha meza, akaikunjua.

"Miaka yote ya ndoa hakuwahi kupiga hodi. Wewe ni mkunga, unanielewa. Taa inazimwa, nami nasubiri amalize. Siku hizi anauliza. 'Nikushike? Hapa unapenda?' Mara ya kwanza sikujua hata napenda nini. Nimejua sasa, na mvi zangu. Nikasahau kukuambia." Akatikisa kichwa. "Hapana, sikusahau. Niliogopa kukupoteza."

Binti alikuwa analia. Lakini alilowesha kitambaa, akampangusa mama yake ule unga polepole, asije akaaibika mbele ya mkwe. Kisha akachukua simu ya mama, akamwandikia baba:

"Njoo nyumbani sasa hivi. Ni mimi, bintiyo."

Baba alifika na aproni yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba... mama."

"Mmenifanya mjinga, nyote wawili."

"Kweli. Tusamehe."

"Na harusini hukuja hata kuchungulia!"

"Nilikuja. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Keki niliioka mimi, nikamwomba mjomba wako asiseme."

Binti akajifuta pua kwa mkono wa sare. Akamimina chai kikombe cha pili, akaweka sukari nyingi, kama anavyopenda baba. Mzee akainywa amesimama, maana unga wa mikate aliokwisha kuukanda ulikuwa unaumuka huko kazini. Mama hakuthubutu kumtazama yeyote.

Mzee alipofika nje, binti akamwita.

"Baba!"

"Naam."

"Jioni uje tena. Sijamaliza kukugombeza."