Beseni Kwenye Rafu ya Mabakuli

Jumapili ya Julai 14, 1991, saa nne kasorobo asubuhi, Mzee Ladislaus alirudi kutoka misani mjini Masasi akakuta rafu yake ina mgeni. Mabakuli kumi ya kale ya Kichina, yenye maua na majani ya kijani, yalikuwa mahali pake. La kumi na moja halikuwepo. Pale lilipokaa palikuwa na beseni jekundu la plastiki, limepauka kwa jua.

Sajenti Ethel alifika saa tano.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ni yule Hamudi, mchuuzi wa vitu vya kale. Mara tatu amenibembeleza nimuuzie. Mkamateni!"

Hamudi alikamatwa stendi mchana uleule, watu wakiwa wameshamng'oa jino kwa ngumi.

"Afande," alisema, kiganja mdomoni, "lililoibwa lina ufa, limeshonwa kwa waya. Niache mazima kumi, nibebe kilema?"

Mlango wa nyuma wa mzee ulifungwa kwa komeo tu. Yeyote aliyejua saa ya misa angeweza kuingia. Lakini kilichomnyima Ethel raha ni lile beseni. Mwizi huchukua, haachi kitu. Huyu alikuwa anarudisha.

Jumatatu akarudi kwa mzee.

"Mabakuli haya uliyapataje?"

"Vijijini. Tangu mambo yawe ruksa, vyombo vya plastiki vimejaa. Nawapa beseni jipya, wananipa bakuli kuukuu. Wanafurahi."

"Na lile lenye waya?"

Mzee akakohoa. "La mjane mmoja wa Mkunya, kule Newala. Dominika. Mwaka themanini na saba."

"Mtu hashoni bakuli asilolipenda. Alikubalije kulitoa?"

"Nilikuwa bwana shamba. Watu walinisikiliza."

Gari la polisi halikupata mafuta hadi Ijumaa. Siku zote hizo Hamudi alilala mahabusu. Ijumaa, saa tatu asubuhi, Ethel akampakia mzee akalitambue bakuli lake, wakapanda kona za mlima hadi Mkunya.

Dominika alikuwa barazani, anakunywa uji wa muhogo. Bakuli lilikuwa mikononi, majani yake ya kijani yanang'aa, waya umepita ubavuni. Hakulificha.

"Karibuni," alisema. "Nawe, bwana shamba, karibu."

"Shikamoo, mama. Bakuli hilo umelitoa Masasi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelitoa. Beseni lake nimemrudishia."

"Kwa nini?"

Dominika alimtazama Ladislaus, si sajenti.

"Binti yangu Paulina alilishwa humu tangu aache ziwa. Akashikwa na homa siku nne, akafa. Arobaini yake haijafika, huyu akaja. Akaniambia kijani hiki ni sumu, serikali inayakusanya mabakuli ya namna hii. Akasema ndicho kilichomuua mtoto. Nikampa kwa mkono wangu. Nikamshukuru!"

Ladislaus aliinama, akachezea kofia.

"Miaka minne nautazama mkono huu uliomlisha," Dominika akaendelea. "Mwezi uliopita nikapeleka kuku Masasi, nikapita kumsalimu. Nikamkuta anakula wali. Humu! Leo siku ya tano nami nakula humu, asubuhi na jioni. Nangoja nife, sifi."

Ethel akageuka. "Mzee, ulijua si sumu?"

"Nilimpa mabeseni mawili na khanga, akakataa! La bibi yake, alisema. Sajenti, bakuli kama hili huku lingevunjwa na..."

"Nimeuliza, ulijua?"

"Nilijua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi mwenyewe nimekula humo tangu siku ile."

"Kujipatia mali kwa udanganyifu nako ni kosa."

"Basi nafuta mashtaka. Abaki nalo, tuyamalize hapahapa."

"Hayamaliziki hapa," alisema Dominika. Akaweka bakuli chini, uji umo bado. "Mwanangu, niandike mwizi, nimekubali. Ila andika kwanza kwamba sikumuua Paulina."

Fomu ya maelezo haina nafasi ya jambo kama hilo. Ethel akaliandika juu kabisa, kabla ya jina, kabla ya kosa, akamsomea polepole.

Dominika hakujua kusoma. Akauliza neno Paulina ni lipi. Ethel akamwonyesha. Mama yule akaweka kidole gumba pale, juu ya wino ambao haujakauka, wala hakukiondoa.