Kifuniko cha Lenzi ya Marehemu

Filamu ile ilipaswa kutoka tupu.

Njoo Kesho alilijua hilo kabla hajaitoa kwenye dawa, kwa kuwa alishaliona kosa lake: lenzi ilikuwa na kifuniko. Asubuhi nzima amempiga picha binti yake uani, na kifuniko kimekaa palepale. Ni kosa la wenye kamera kama yake tu. Kamera nyingine ukiisahau imefunikwa unaona giza, unajicheka, unafunua. Ya kwake ilikuwa ya zamani, yenye kidirisha cha kuchungulia pembeni. Jicho linapita kidirishani, picha inapita kwenye lenzi, na wawili hao hawaulizani. Mtu utamwona vizuri, atakuchekea, utabonyeza mara thelathini na sita, kumbe unapiga picha tumbo la kifuniko.

"Haraka haraka haina baraka," alijisemea, akaikunjua filamu chini ya taa aitazame kabla ya kuitupa.

Ilikuwa na picha. Zote thelathini na sita.

Jina lile la Njoo Kesho alipewa na wateja. Ukimuuliza picha zako ziko wapi, atakwambia njoo kesho, hata kama hajazigusa. Hakulihesabu jibu hilo kuwa uongo. Kwake lilikuwa ni nafasi ya kupumua tu.

Na lenzi yenyewe haikuwa yake, ingawa ulimi ulishazoea kusema "lenzi yangu". Ilikuwa ndogo kama nusu ya limau, nzito kuliko umbo lake, na upana wake ulikuwa wa ajabu: simama umebana mgongo ukutani, itakupa chumba kizima. Kila kitu ni kwa mkono. Unazungusha pete moja kulenga umbali kwa mita, na pete ya pili, ya kupunguza au kuongeza mwanga, inalia tik, tik chini ya kidole. Ilikuwa ya mwalimu wake wa kazi. Siku ya msiba wa mwalimu huyo, wenzake wakipanga viti, yeye alitumwa chumbani kuchukua shuka, akaiona mezani. Mkono ukatangulia, akili ikafuata.

"Funika kombe mwanaharamu apite," aliuambia moyo wake, akaitia mfukoni. Alipoitoa nyumbani ilikuwa na kifuniko. Hakujiuliza kimetoka wapi.

Sasa alifunga mlango wa chumba cha giza, akawasha taa nyekundu, akachapa picha ya kwanza. Karatasi ikalala kwenye beseni la dawa. Kwa kawaida nywele hutangulia kutokea, kisha macho. Safari hii kilichotangulia kilikuwa pembeni kabisa, nje ya pale kidirisha kilipoishia: mtu mrefu karibu na kamba ya nguo, uso ameugeuzia ukuta. Ndipo akatokea Chiriku, binti yake wa miaka saba, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, akicheka.

Akachapa ya kumi. Yule mtu alikuwa ameiacha kamba. Akachapa ya ishirini, na harufu ya nywele zilizoungua ikaingia chumbani ingawa mlango ulikuwa umefungwa na hakuna moto uliowashwa, naye akaligonga beseni hata dawa ikamwagikia viatu, kwa maana yule mtu sasa alikuwa hatua mbili nyuma ya mtoto, bado amegeuza uso, bado anaonekana wazi kila uzi wa nywele zake, na katika ile ya mwisho, ambayo hakutaka kuichapa lakini akaichapa, mkono mrefu ulikuwa umepita juu ya bega la Chiriku, na vidole viwili vimeshika koo lake polepole, kama mtu anayezima utambi wa mshumaa.

Mlango ukagongwa.

"Baba Chiriku," ilikuwa sauti ya mkewe, ya chini. "Toka. Mtoto hasemi."

Siku ya tatu bado hakuwa amesema. Daktari alimulika koo, akaliona zima. Chiriku alikula kidogo, akakonda mashavu, akakaa kwenye kigoda akitazama pembeni, daima pembeni.

"Nilikuwa nikimwambia anyamaze dakika moja tu nipike," mkewe alinong'ona, kitambaa mdomoni. "Ee Mungu, nilikuwa natania."

Njoo Kesho alisikia kabatini, kwenye sanduku alilofungia kamera kwa kufuli, tik. Kimya. Tik.

Mchana ule, mke akiwa kisimani, aliitoa kamera akamtazama mtoto kidirishani. Katikati ya kidirisha kuna alama ndogo ya manjano ambamo mtu huonekana wawili. Unazungusha pete mpaka wawili wakutane wawe mmoja, hapo umelenga. Akazungusha. Hawakukutana. Akazungusha mpaka mwisho wa pete, akarudi mpaka mwanzo, jasho likimwingia jichoni, na Chiriku wawili wakabaki wawili, mmoja ameketi amefumba mdomo, na wa pili, yule mwepesi wa manjano, anasema, anasema bila kupumzika, bila sauti, machozi yanamtiririka, na midomo yake ilikuwa ikirudia neno moja ambalo baba yeyote angelisoma: Baba. Baba. Baba.

Aliiangusha kamera, akatoka mbio bila viatu.

Mama Sindano, mshona nguo wa mtaa wa pili, alijulikana kwa dua kuliko kwa mishono. Alikuja na pini zake kifuani, akaiweka lenzi kwenye meza, akasoma hadi sauti ikamkauka. Kisha akauliza, "Hii umeipataje?"

"Marehemu alinipa."

Tik, ikalia lenzi, na hakuna aliyeigusa. Chiriku akashika koo kwa mikono miwili.

"We baba!" Mama Sindano alisimama. "Mimi naziba, wewe unatoboa! Jini huyu hakai kwenye kioo. Anakaa kwenye kifuniko. Kila unachofunika ndiyo nyumba yake, na wewe umemjengea ghorofa. Nenda kwa mwenye mali. Usimtume mtu."

Alikwenda. Njiani alitunga maneno matatu ya kujitetea, na yote yakamfia mlangoni alipomwona mjane wa mwalimu akichambua mchele.

"Shikamoo, mama. Niliiba," alisema, magoti yakagusa sakafu. "Siku ya msiba. Niliiba lenzi ya mwalimu, na mwanangu anakufa."

Mjane aliuweka ungo chini.

"Marahaba. Nilikuona. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikasema, ni kama mwanangu, atasema mwenyewe. Umechelewa, baba." Akaipokea lenzi, akaigeuza, mkono ukasita. "Kifuniko umekitoa wapi?"

"Ilikuwa nacho."

"Haijawahi kuwa nacho. Mume wangu miaka yote aliitumia wazi. Alikuwa akisema, hiki kioo kikifunikwa hujifungulia jicho kwingine." Alikibandua kwa ncha za kucha, akamsukumia kifuniko. "Hiki si changu. Nimekusamehe, Mungu akusamehe. Lakini hiki ni chako."

Alirudi akikimbia. Kabla hajafika mlangoni aliisikia, sauti nyembamba, iliyokwaruza, isiyojua nukta wala koma: "...na mama nikamwambia nataka maji na maji yalikuwa moto na paka wa jirani ana watoto wanne na mmoja hana mkia..."

Akaanguka kizingitini akalia kama mtoto. Mkewe akamkumbatia, wakacheka, wakalia tena. Kisha akamfuta uso, akamtazama.

"Baba Chiriku, kumbe ilikuwa nini? Ulikwenda wapi?"

Haya ikampanda. Kumwambia mjane aliweza, lakini huyu alilala naye kitanda kimoja, na ndiye aliyekuwa akimwita mumewe mtu mwema mbele ya dada zake. Akatabasamu.

"Mambo ya upepo tu, mke wangu. Yameshapita."

Tik, kikalia kifuniko mfukoni.

"...na yule mama pa..." alisema Chiriku, akakoma. Mdomo wazi. Macho yakageuka pembeni.

"Niliiba!" Njoo Kesho alipiga kelele. "Mke wangu, niliiba msibani, lenzi ya mwalimu, nikakuficha! Mimi ni mwizi!"

Harufu ya nywele zilizoungua ikapita kati yao, taratibu, kama mgeni anayeaga.

"...ka," akamalizia Chiriku, "akamlamba yule asiye na mkia."

Kifuniko alikitupa kwenye shimo la choo. Kesho yake alikikuta mfukoni. Akakitupa tena, akakikuta tena. Hadi leo anatembea nacho, na wateja wanashangaa kwa nini ukimuuliza picha zako, Njoo Kesho anatazama kwanza mlango wa uani, anakosikia binti yake akipayuka, kisha anajibu haraka, jasho likimtoka:

"Sijaziosha. Sijazigusa kabisa. Nisamehe."

Siku moja tu alijisahau. Mteja alikuwa mkali, na ulimi una mazoea.

"Njoo ke..." alianza.

Na huko uani pakawa kimya.