Mchezo wa Wizi Uliomeza Video za Mtoto

Majirani, nitegeeni sikio, maana jambo hili limempata dada yangu wa tumbo moja na bado ni bichi.

Dada ni mpiga picha. Kila Jumapili alikuwa akishafunga studio, anaketi sebuleni na mumewe, wanatazama kwenye kompyuta yake ya kazi video za binti yao. Mtoto yule alifariki kwa homa kabla hajaanza shule. Pale kwenye skrini alikuwa bado anacheka na kumwita mama yake. Nyumba ilikuwa imetulia.

Sasa huyo shemeji yangu, Komando! Mtu mzima na ndevu zake, ugonjwa wake ni michezo ya kompyuta ya kutisha, ile ya mizuka na damu. Michezo hiyo ni mikubwa na inauzwa. Yeye hupakua ya wizi mtandaoni, iliyobanwa ikawa kifurushi kidogo. Kidogo wapi! Ukikifungua kinavimba mpaka unakosa pa kukiweka.

"Usinigusie kompyuta ya kazi," dada alimwambia.

"Mke wangu, acha presha. Najua ninachofanya."

Siku dada alipokwenda kupiga picha za harusi, Komando akafungua kifurushi kipya kwenye kompyuta hiyohiyo. Maelekezo yakasema azime kinga ya virusi. Akazima! Kompyuta ikalalamika kwamba nafasi haitoshi. Bwana huyu akaenda kabatini, akatoa diski ambamo dada alihifadhi nakala ya pili ya kila kitu, akaichomeka ili mchezo upate pa kukaa. Jamani, hasira zinanipanda hata ninaposimulia.

Kirusi kilichofichwa ndani ya mchezo huo kiliharibu faili zote, za kompyuta na za diski. Fundi alijaribu, akatikisa kichwa.

"Na video zake?" dada aliuliza.

Komando alijiinamia. "Nisamehe. Nilitaka nafasi tu."

"Nafasi? Umemzika mwanangu mara ya pili."

Alifungasha nguo akaja kwangu. Jana aliniuliza sauti ya mtoto ilikuwaje alipokuwa akiita, kwa kuwa inaanza kumpotea. Nilijaribu kuiga, nikashindwa, tukalia sote wawili.

FUNZO

Ndugu zangu, kitu cha wizi kikikuamuru uzime kinga yako, kimbia. Nakala ya akiba haiguswi kwa ajili ya starehe. Na mwenzio akikukataza, msikilize. Komando alikatazwa waziwazi. Leo anakuja mlangoni kwangu akilia, na majuto yake yote hayamrudishii dada yangu hata kicheko kimoja.