Gari la Rajab Lililokunywa Mafuta

Kila Jumamosi alfajiri, Rajab na mkewe Sitti huondoka Nateete kwenda Masaka kununua mananasi. Sitti huyauza sokoni. Gari lao ni dogo, la petroli, na Rajab analipenda kupita kiasi. Hulifuta vumbi kabla hajanywa chai.

Tatizo lilikuwa mguu wake. Barabara ikifunguka tu, alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Mshale ulifika kilomita mia na ishirini kwa saa. Sitti alishika kiti na kusoma dua.

"Baba Jamilah, polepole!"

"Mama Jamilah, wewe hujui gari," Rajab alijibu. "Tukifika haraka, injini inazima haraka. Mafuta inabaki."

Hayakubaki hata siku moja. Walitia mafuta kiasi kilekile kila safari, na wakati wa kurudi taa ya mafuta iliwaka kabla ya Mpigi, nyumbani kukiwa bado mbali. Faida ya mananasi iliishia kituo cha mafuta. Mwishowe Sitti alichoka. Sitti akichoka hapigi kelele, na hapo ndipo pa kumwogopa.

"Abdul-Karim amepata mtu wa kununua hii gari," alisema taratibu. Abdul-Karim ni kaka yake, mwenye gereji Kisenyi. "Tutaleta mananasi na lori ya watu."

Rajab alikwenda mbio kwa jirani, Afande Abalo, dereva wa polisi anayefundisha madereva wapya.

"Afande, nisaidie. Tangi imetoboka."

Abalo aliinama, akachungulia chini ya gari. Palikuwa pakavu.

"Barabara ya Masaka unakimbia ngapi?"

"Mia na ishirini."

Abalo alicheka. "Leta godoro."

"Godoro?"

"Leta!"

Rajab alileta godoro. Abalo alimwambia alishike mbele ya kifua na kutembea uani. Akatembea vizuri. "Sasa kimbia!" Rajab akakimbia. Godoro likamrudi usoni, kofia ikaanguka, majirani wakacheka mpaka machozi. Alifika getini akihema.

"Nani alikuwa anakusukuma?" Abalo aliuliza.

"Upepo, afande."

"Na gari ni hivyo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo inasukuma mara nne. Injini inakunywa mafuta kupigana na upepo. Barabara ikiwa wazi, shika themanini, gia ya juu. Usiongeze na kupunguza ovyo. Ukiona kitu mbele, achia mafuta mapema."

"Kwa nini nisiende thelathini kabisa?"

"Hapana. Ukijivuta na gia ndogo, unapoteza pia."

"Lakini nitachelewa."

"Kidogo tu. Na utabaki na gari."

Sitti alikubali safari moja tu. Taa ikiwaka kabla ya nyumbani, gari linauzwa.

Jumamosi hiyo Rajab alishika themanini kwenda na kurudi. Mabasi yalimpita yakipiga honi. Kijana mmoja alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, unapeleka maiti?"

Mguu wa Rajab ulimwasha. Alitamani kumfunza kijana yule adabu! Lakini alijizuia. Macho ya Sitti yalikuwa kwenye taa.

Wakapita Lukaya. Wakafika Mpigi. Taa haikuwaka. Sitti akasogea mbele kuangalia vizuri, kana kwamba taa inamficha kitu. Wakapita Kyengera, wakaingia Nateete, mpaka mlangoni kwao. Taa ilikuwa bado haijawaka.

Sitti alichukua simu kabla hajashuka. "Abdul-Karim, mwambie mtu wako hii gari haiuzwi."

Kisha akapiga vigelegele. Abalo akatoka nje na kiatu kimoja mguuni.

"Imewaka?"

"Haikuwaka!" walipiga kelele wote wawili, na Rajab akacheza pale barabarani bila aibu.

Tangu siku hiyo gari halijazidi themanini, na faida ya mananasi inafika nyumbani pamoja nao.