Kibuyu cha Joakim Kilipoitika

"Mama, Joakim ni nani?"

Florian alisimama mlangoni, simu ya mama yake mkononi, uso ameukunja. Avelina aliketi kwenye kochi lile lile alilokabidhiwa tangu alipoletwa Mbinga mjini, baada ya kuugua sana kwao Liuli. Alikuwa anajiuliza simu imekwenda kwa nani mpaka ikaanza kumsema.

Kisa kilianzia kwenye mlio. Kwa wiki kadhaa Florian alikuwa akiisikia simu ya mama yake ikikoroma, vuuu, vuuu, kama spika iliyopasuka. Kwa kuwa ni mtoto mwema asiyeuliza, akaichukua na kuipeleka kwa fundi. Fundi akafungua ujumbe wa sauti, wenye jina la Joakim, ili aijaribu. Mbele za wateja ukatoka ule mkoromo, halafu ikafuata sauti ya mzee, taratibu kabisa:

"Mama Florian, hiki nimekipunguza mdomo. Kisikilize. Kama hakijaifikia sauti yako, nitatengeneza kingine. Siku hizi sauti yako ndiyo inayoniamsha."

Fundi alisema spika ni nzima. Wateja walicheka mpaka wakashikana mabega. Florian hakucheka.

Mkoromo ule ulikuwa wa kibuyu cha mganda, ngoma ya wanaume wa ziwani. Tunduni hubandikwa utando mweupe wa buibui, na mtu akiimba ndani yake, sauti hutoka ikitetema. Fundi wake kule Liuli ni Joakim, mgane mwenye mvi kichwa kizima na mikono isiyojua kukaa bure.

"Ni fundi wa vibuyu," Avelina alisema mwishowe. "Tunatunga wimbo."

"Wimbo gani huo wa kumwamsha mtu?"

"Wa kioda. Tutauimba Jumamosi, kwenye tamasha la Mbamba Bay."

Florian akaketi. Kioda alikijua, ngoma ya wanawake wenye magauni meupe, na alikumbuka kwamba zamani mama yake ndiye aliyekitungia nyimbo. Lakini alikumbuka na wodi ya hospitali. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Mama amefanya kazi za kutosha, sasa apumzike. Watu watasema nini, na marehemu baba je? Na hilo tamasha la Jumamosi, asahau kabisa.

"Mwaka jana ulishindwa hata kushuka ngazi za hapo nje, Mama."

"Nilikuwa sina pa kwenda, mwanangu."

Florian akatoka, na simu akaondoka nayo, eti mama apumzike vizuri.

Na kweli, kabla ya wimbo huo, kupumzika Avelina alikuwa amepumzika mpaka akachoka. Nyumba ile ilimpenda vibaya. Chai aliletewa, maharage alikatazwa kuchambua, ufagio akiugusa tu ananyang'anywa. Akawa analala mchana kutwa, chakula kinamshinda, na wajukuu akiwaita anachanganya majina. Hapo ndipo Joakim alipompigia kumweleza kwamba kikundi chao cha ngoma cha Liuli kimeshindwa vibaya mashindanoni, nyimbo zimechakaa, na kumwomba ubeti mmoja tu. Avelina akamwambia kichwa chake ni kitupu kama debe.

Kesho yake asubuhi, akinawa uso, mstari ukamjia wenyewe. Akaurudia. Ukaleta mwingine. Akaanza kuzunguka uani akiutafutia mwendo, na njaa ikarudi, na usingizi wa mchana ukamkimbia. Halafu akapata wazo lisilowahi kufanywa kule kwao: vibuyu vya wanaume viitikie kioda cha wanawake. Joakim alicheka aliposikia. Siku iliyofuata akatuma vuuu ya kwanza.

Basi katikati ya vuuu na vuuu, maneno mengine yakajipenyeza. Huyu anauliza kama mwenzake amekula. Yule anauliza nani anampikia. Penzi likaingia kama mgeni aliyekuja kuomba maji tu, likakaa.

Jumamosi asubuhi Avelina alizishuka zile ngazi, gauni jeupe ndani ya mfuko, akamwachia mkwewe maagizo:

"Mwambie mumeo asinitafute hospitali. Anitafute uwanjani."

Florian aliendesha gari mpaka ziwani akipanga jinsi ya kumbeba mama yake na kumrudisha kabla hajaanguka mbele za watu. Mbamba Bay akakuta uwanja umefurika. Akajipenyeza hadi mbele, na pale akaganda.

Aliyeongoza mstari ni mama yake, kitambaa mkononi, mgongo umenyooka. Nyuma ya wanawake walijipanga wanaume na vibuyu vyao, Joakim katikati.

"Waliniweka kitini, wakanifunika shuka!"

Vuuu, vibuyu vikaitika.

"Sauti ikaniita jina, miguu ikaamka!"

Vuuu, na uwanja mzima ukaitika. Wenye maduka waliacha maduka yao, na hata waamuzi walinyanyuka. Florian alikitambua kiti kile. Ni kochi lake mwenyewe, alilolinunua kwa mapenzi yote. Akalia hadharani wala hakujificha.

Walipotangazwa washindi, Joakim hakwenda kwenye zawadi. Alivua kofia, akaenda moja kwa moja kwa Florian.

"Shikamoo, mzee," Florian alisema.

"Marahaba, baba. Ilinipasa kuja Mbinga na wazee wenzangu, kwa heshima. Nilisema nimalize kibuyu kwanza. Namtaka mama yako tuoane."

Florian akamgeukia mama yake. Jasho lilimtiririka, kifua kilipanda na kushuka, lakini uso ulikuwa na nuru ambayo Florian hakuwa ameiona tangu utotoni.

"Nilidhani nakulinda, Mama."

"Najua. Ndiyo maana sikukasirika."

"Unataka nikuruhusu?"

"Sikuombi ruhusa, mwanangu. Nakuomba uje harusini."

Florian akaingiza mkono mfukoni, akamrudishia simu.

"Fundi anasema haina ubovu wowote," alisema, na wote watatu wakacheka.

Wazee walifika Mbinga kwa heshima, na ndoa ikafungwa kanisani Liuli. Bibi harusi alitoka kanisani akiimba wimbo mpya alioutunga wiki ile ile, na bwana harusi akaitika kwa kibuyu, suti na tai vikiwa mwilini. Florian aliwaletea lile kochi kama zawadi. Lipo barazani kwao hadi leo, na hakuna anayepata nafasi ya kulikalia. Limejaa vibuyu vinavyokauka.