Kanga Isiyokatwa

Jumamosi ile sokoni Bukoba, Kokushubila alikuwa akichagua dagaa na shangazi yake Immakulata alipomwona Datius akimjia moja kwa moja. Alikuwa ametoka kushuka basi la Muleba, suruali imenyooshwa kwa pasi, nywele zimechanwa njia pembeni, anatabasamu. Mawe, mama wee! Moyo ulimruka. Miezi minane wanapendana, na kwao Rwamishenye hakuna aliyejua hata jina la kijana huyo.

Tabasamu la Datius likaishia mkononi mwa Koku. Mfuko alioushika ulikuwa ile kanga nyekundu aliyomnunulia Pasaka. Sasa imebeba dagaa na chupa ya mafuta ya taa!

"Kumbe ndiyo thamani yangu hii?" akauliza.

Shangazi akageuka. "Koku, unamjua huyu?"

"Hapana, shangazi. Labda amenifananisha."

Datius alimtazama kidogo, akageuza njia, akaondoka.

Laiti angalijua! Baba yake Koku, Mzee Karugendo, alikuwa mtu wa kuuliza. Binti akivaa nguo mpya, sharti aseme imetoka wapi. Basi siku ile ya Pasaka alipopewa, Koku alijifungia chumbani, akaitandika ile doti mkekani, nzima kama ilivyotoka dukani, akaikunja katikati, kisha akaikunja pembetatu. Ncha mbili za chini akazipiga fundo kila moja, akaigeuza ndani nje, na ncha mbili za juu akazifunga pamoja zikawa mshikio. Hakutia sindano wala mkasi. Nguo ingeulizwa, lakini mfuko nani aulize? Alikwenda nao sokoni na kanisani, akalala nao kichwani. Alikusudia siku Datius atakapokuja na baba yake mdogo kujitambulisha, aufungue, aikate doti na kuivaa mbele ya wote. Na siku hiyo ilikuwa kesho yake, Jumapili; Jumapili ikapita, Datius hakuja.

Jumatatu alikimbilia posta kupiga simu ofisi ya ushirika Muleba, alikofanya kazi Datius.

"Haloo! Datius? Ni mimi, mpenzi."

"Mpenzi gani? Mimi si nimekufananisha?"

"Usinitese, waitu, nakuomba. Nisikilize."

"Nasikiliza. Kanga ile ulipewa na nani? Sema kwa sauti, simu inakwaruza."

Koku akatazama nyuma. Mzee Ildefons, jirani yao, alikuwa kwenye foleni ametega sikio bila hata aibu. Akaukinga mdomo kwa kiganja.

"Jibu, Koku."

"Kuna watu hapa."

"Watu watakuwapo siku zote. Nimepewa uhamisho. Alhamisi naenda Biharamulo, katika kijiji kipya cha ujamaa, kuwa karani wa duka. Nilitaka niondoke nina mchumba. Baba mdogo nimemwambia asijisumbue."

Simu ikakatika. Kila alipomsikia baba yake akikohoa, alidhani Ildefons keshasema. Na Alhamisi inakuja.

Jumatano asubuhi, baba akiwa shambani, aliyafungua mafundo. Yalikuwa yamekaza mpaka akatumia meno. Akajifunga doti nzima, haijakatwa, ikamzunguka mara mbili, imekunjamana na inanuka. Njiani kwenda kituo cha basi, pale Bilele, shangazi akamwona.

"Koku! Nguo gani hiyo?"

"Nimepewa na mwanamume, shangazi. Yule wa sokoni. Nilikudanganya."

Hakungoja jibu, akapanda basi la Muleba.

Muleba, uani pa ushirika, wakulima walikuwa wamepanga foleni ya kupima kahawa. Datius alipomwona, kalamu ilimponyoka.

"Ingia ndani."

"Siingii! Nikiingia watasema nimetoroka kwetu." Foleni nzima ikageuka kutazama. Koku hakushusha sauti. "Kanga hii umenipa wewe. Niliifanya mfuko nisiulizwe, ili nikae nayo kila siku. Tazama, hata kuikata sijaikata. Nilikukana kwa kumwogopa baba. Bado namwogopa, Datius, na sasa hivi shangazi keshamfikia."

Datius alishika ncha ya kanga. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Inanuka dagaa," akasema.

"Ungeninunulia na sabuni!"

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, kisha uso ukabadilika. "Baba yako ataniuliza nini?"

"Kila kitu."

"Sina baba mdogo hapa, sina pombe ya kumpelekea, na kesho nasafiri."

"Basi kaa," Koku akajibu, akaanza kurudi kituoni. Machozi yakamshinda.

Mzee mmoja kwenye foleni akafoka, "Wewe karani, unangoja nini? Kahawa yetu haiozi leo!"

Datius alimkuta kituoni, anahema, koti amelifunga vifungo upande.

"Atakufukuza," Koku akasema.

"Najua. Nami namwogopa tayari. Sogea nikae. Twende tukamwogope wote wawili."