Chini ya Jiwe la Kufulia

"Maji yako ndiyo yanayokula nyumba yangu," Mama Pacha alisema, akiuonyesha ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi dirisha la jiko lake. "Asubuhi ulikuwa uzi. Sasa kidole kinapita."

Jirani yake, mwanamke fundi cherehani ambaye hakuwahi kushindwa kwa maneno, alimjibu kwamba labda nyumba imechoka na kelele za mwenyewe. Wapita njia wakasimama, maana ugomvi wa wawili hao ulikuwa redio ya mtaa. Mmoja akauliza nani anaongoza kwa mabao.

Binti wa fundi cherehani hakucheka. Alipewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa, lakini leo alilikodolea macho jiwe la kufulia.

Kila baada ya kufua, kazi yake ilikuwa kuyafagia maji machafu kutoka kwenye ua wao wa pamoja hadi mtaroni. Kazi ya kuvunja mgongo. Siku moja aliona kokoto lililoshikizwa kwa chokaa chini ya ukingo wa jiwe la kufulia, jiwe bapa ambalo kila mtu alilikuta pale. Akalichokonoa kwa kijiko, likatoka, na maji yakaingia tunduni kama yameitwa. Akadondosha kijiwe. Kimya. Kisha, mbali kabisa chini: chubwi. Tangu hapo ufagio ukapumzika, na tundu akalifunika kwa ndoo.

Sasa mapacha wadogo wa jirani walikuwa juu ya jiwe hilohilo, wakishindana nani ataruka kwa kishindo zaidi. Kila walipotua, Chiriku alisikia mwangwi ukijibu kutoka chini. Akisema, mtaa mzima utajua uvivu wake. Asiposema?

Jiwe likatikisika.

Alichomoka, akawakwapua wote wawili. "Chini kuna shimo," alisema. "Nilitoboa mimi. Maji yote namwaga humo."

Hakuna aliyecheka tena. Mwashi aliyekuwa miongoni mwa watazamaji aliligonga jiwe kwa nondo, likalia kama ngoma. Akawarudisha watu nyuma, kisha yeye na wenzake wakalisogeza kwa mitaimbo. Hewa baridi ikawapiga usoni. Kilikuwa kisima cha mawe ya kuchonga, na upande wa jiko la Mama Pacha kilikwisha kumomonyoka.

Mama Pacha alipitisha vidole kwenye mifereji iliyochimbika ukingoni. Ilikuwa alama za kamba, za watu waliochota hapo kabla mabomba hayajafika. Mwashi akasema ndiyo maana uchochoro wao unapinda: waliojenga walikipisha kisima. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakisugua kola juu ya mfuniko wa mji wa zamani.

Mwashi akakizungushia mbao, akaahidi kuujenga upya ukingo kesho. Jikoni, akaonya, asiingie mtu mpaka ukuta uegemezwe.

Fundi cherehani alimshika binti yake bega. "Kosa ukilificha halilali, mwanangu. Linaendelea kuchimba. Leo umelitaja kabla halijameza mtu, na hilo nimeliona. Kesho ufagio unakungoja."

Kisha akamgeukia jirani yake, aliyekuwa amewakumbatia wanawe. "Na wewe, shoga, utapika wapi? Chungu changu kinatosha. Waingize watoto, tule."